Dakika ya Nne ya Kila Rekodi

Kilichoninyima usingizi kilikuwa dakika ya nne. Zoezi letu lilikuwa la dakika kumi: mtu anakaa kwenye kiti, kofia ya vipimo kichwani, anatoa saba kutoka elfu moja, halafu saba tena, halafu saba tena, kimyakimya, bila kutikisa hata mdomo. Baada ya kupima watu wengi tuliona kwamba karibu kila mmoja, akifika dakika ya nne, ubongo wake hubadili mpangilio. Sehemu zilizokuwa zikifanya kazi pamoja zinaachana, nyingine zinashikana kwa muda mfupi, kisha mambo yanarudi kama yalivyokuwa. Dokta Laizer, mkuu wa mradi, alifurahi. Kila mtu alifurahi. Mimi nililala chali chumbani kwangu Lemara nikijiuliza swali moja: kama hakuna watu wawili wanaotoa saba kwa kasi moja, kwa nini wote wanabadilika kwa wakati mmoja?

Naandika haya kwa ninyi mnaokuja awamu ya pili ya mradi. Najua kumbukumbu za namna hii huandikwa na mstaafu, na mstaafu wetu halisi ni Mama Anaeli, aliyehudumia mashine za umeme wa ubongo kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza hospitalini, halafu kwetu. Nilimwomba aandike yeye. Akasema, "Andika wewe, Aneth. Mimi nitajaza ukurasa mmoja. Wewe utaandika hata yale ambayo sikuyafikiri." Mkataba wangu uliisha wiki moja na utumishi wake, kwa hiyo na mimi nimestaafu, nikiwa na miaka ishirini na saba. Mambo ya vyeo na mishahara hamtayakuta humu. Yake siyajui, na yangu hayatoshi aya moja.

Siku ya kwanza nilifika kabla mlinzi hajafungua geti. Nilikuwa nimesoma kila makala niliyoipata kuhusu mitandao ya ubongo, na nilikuwa na shahada, na nilikuwa na hakika kwamba nitavunja kitu. Mama Anaeli alinikuta nimesimama nje nimejikunyata.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wewe ndiye msomi wetu?"

"Nadhani, Mama."

"Unadhani? Kwani kuna mwingine anakuja?"

Akanipa kitambaa nifute meza. Siku nzima sikugusa mashine. Nilifuta meza, nikaosha kofia moja kwa maji ya vuguvugu, kidude kimoja baada ya kingine, kwa mswaki laini wa mtoto. Kofia hizo zina vidude vidogo vya chuma vinavyosikiliza umeme wa ubongo kupitia ngozi ya kichwa, tunaviita elektrodi. Jeli tunayotia humo ili umeme upite ikikaukia ndani ya kimoja tu, kesho yake kinasikiliza kukauka kwake badala ya mtu. Jioni Mama alikagua kila kimoja kwa kucha ya kidole gumba. Alipata viwili vichafu. Alinirudishia mswaki.

Vifaa vyake mtavikuta kwenye droo ya juu, ameviacha. Futi ya kushonea ya kupimia kichwa kutoka katikati ya nyusi hadi kwenye kinundu cha kisogoni. Penseli ya wanja ya kutilia alama kwenye ngozi, kwa sababu kalamu ya wino haionekani vizuri kwenye kichwa cheusi na haitoki kwenye kichwa cheupe. Kitana chenye mkia wa kutenganisha nywele. Msidharau kitana. Mashine yetu ilitoka nchi ya watu wenye nywele laini, na kitabu chake cha maelekezo hakisemi lolote kuhusu rasta. Mama ndiye aliyeanzisha desturi ya kuwapigia simu washiriki wa kike siku mbili kabla: "Mwanangu, suka twende kilioni. Mistari iende nyuma, isikazwe sana." Mistari ile inaacha njia nyeupe za ngozi kutoka usoni hadi kisogoni, na elektrodi zinakaa kwenye njia hizo kama miche kwenye tuta. Nimesoma makala nyingi za watu wanaohangaika na nywele za Kiafrika. Hakuna hata moja iliyotaja mtindo ambao kila msusi wa Arusha anaujua.

Alijua kusoma mistari ya mawimbi kwenye kioo jinsi wengine wanavyosoma uso. "Huyu amebana meno," alikuwa akisema. "Huyu anasinzia. Huyu ana simu mfukoni, kamwambie aitoe." Mwezi wa sita, Meru ilipojifunika ukungu na baridi ikashuka hadi mjini, rekodi zote zikaanza kuwa na nywelenywele. Mimi nilifungua kompyuta kutafuta hitilafu, nikatafuta siku mbili. Mama alikwenda nyumbani akarudi na shuka nne nzito za Kimasai. "Wanatetemeka," alisema. "Mtu akitetemeka, misuli inapiga kelele kuliko ubongo." Mistari ikatulia asubuhi hiyohiyo.

Nilichohitaji zaidi kueleweshwa ni kazi yenyewe. Tulikuwa tunatafuta namna sehemu za ubongo zinavyoungana wakati mtu anafikiri, na namna muungano huo unavyobadilika sekunde hadi sekunde. Tunasema sehemu mbili zimeungana pale mawimbi yake yanapopanda na kushuka kwa kufuatana. Tunatazama sekunde chache, tunapima nani anafuatana na nani, tunasogea mbele kidogo, tunapima tena. Nilikuwa najua hesabu zake zote. Ila kila nilipojaribu kumweleza mshiriki, nilimwacha akiwa na hofu kuliko alivyokuja. Mama mmoja wa Kimeru, mkulima wa kahawa, aliniuliza kama kofia itaonyesha pia aliyomfikiria jirani yake.

Mama Anaeli akamkalisha. "Dada, kwenu kuna mfereji?"

"Upo, tena zamu yetu ni kesho."

"Mifereji inahama?"

"Itahamaje? Babu zetu ndio walioichimba."

"Na maji je?"

"Maji yanakwenda kwa zamu. Leo kwangu, kesho kwa shemeji. Unaziba hapa kwa udongo na mgomba, unafungua pale."

"Basi kichwani ni hivyo. Sisi hatuoni unachopanda shambani. Tunaona tu maji yako saa hii yamefunguliwa wapi."

Mama yule akavaa kofia. Na mimi, mwenye shahada, nikaelewa kazi yangu kwa mara ya kwanza.

Baada ya miezi kadhaa Mama aliniachia mimi kupokea watu na kuwavalisha kofia. Yeye akahamia chumba cha ndani, kwenye mashine. Hapo ndipo zilipoanza rekodi zinazohesabika, na kati ya washiriki wote, wapo wawili ambao sitawasahau.

Wa kwanza ni kijana fundi wa magari kutoka Sakina, aliyekuja na mikono aliyoisugua kwa sabuni ya unga mpaka ikapauka. Hesabu aliziweza kuliko wanafunzi wa chuo. Alipomaliza alisimama kichwa chini. "Samahani, dada. Nimekuharibia. Nilikuwa naenda vizuri kabisa, mahali fulani nikajikuta nimepotea. Nikaanza upya." Nikamwambia hajaharibu kitu, nikaandika kwenye kauntabuku: *uchovu*.

Wa pili ni mwalimu mstaafu kutoka Moshono, mzee wa fimbo na koti, mkubwa kwa Mama Anaeli kwa miaka mingi. Alitoa saba mpaka akaishiwa namba. Akiwa anaondoka aliniita pembeni. "Binti, kazi yenu nzuri. Lakini yule mama wa mashine hana salamu. Anaingia, anakutazama kichwa kama anachagua tikiti, anatoka!" Tukacheka mimi na Godi, mwenzangu wa kompyuta, wiki nzima. Kila Mama alipoingia chumbani Godi alinong'ona, "Tikiti limeiva?"

Kwenye kauntabuku sikuandika kitu. Niliona ni kichekesho.

Sasa nirudi kwenye dakika ya nne. Nilipoliona badiliko lile mara ya kwanza nilidhani nimekosea hesabu. Nikarudia. Likabaki. Tuliondoa alama za kupepesa macho, za taya, za shingo. Likabaki. Dokta Laizer alilitazama kwenye kioo changu, akakunja mikono.

"Pengine hapo ndipo ubongo unachoka na njia ya kwanza, unatafuta ya pili. Una uhakika na hesabu zako?"

"Nadhani, Dokta."

"Aneth, wewe hata jina lako unadhani."

Alikuwa na haki. Nilijulikana kwa tabia hiyo. Nilishawahi kusimamisha rekodi kwa sababu ya wimbi la ajabu, likawa chaja ya simu ya Godi. Nilishawahi kumrudisha mshiriki kutoka stendi kwa sababu nilihisi nimempima kichwa vibaya. Nilikuwa nimempima sawasawa. Kwa hiyo nilipoanza kusema kwamba badiliko letu limenyooka mno, kwamba ubongo wa mtu hauna saa ya ukutani, Godi alinisukumia kikombe cha chai. "Kunywa, Aneth. Safari hii umepata kitu kizuri, na bado unakitafutia ugonjwa." Dokta akaandika muhtasari, ukakubaliwa kwenye mkutano wa wanasayansi, na akaanza kutengeneza picha za kuonyesha. Jina langu lilikuwa la pili baada ya lake. Mama yangu mzazi aliwaambia wanakwaya wenzake.

Sikuwa na ushahidi wowote. Nilikuwa na wasiwasi tu, na wasiwasi wangu ulishapoteza thamani, hata kwangu mwenyewe. Nikaamua kuvaa kofia. Nilijiambia natafuta waya uliolegea. Asubuhi hiyo nilipitia mlango wa nje moja kwa moja hadi kwenye kiti, Godi akanivalisha, akatoka. Nikaanza. Mia tisa tisini na tatu. Mia tisa themanini na sita. Chumba kilikuwa kimya, shuka nzito magotini, namba zinateremka zenyewe. Nilishaingia mia sita na kitu mlango wa ndani ulipofunguka. Mama Anaeli akaja kwa ndala zake, polepole kabisa asinisumbue. Akainama akatazama elektrodi nyuma ya sikio langu. Akarudi.

Sikuwa nimemsalimia siku hiyo. Na hairuhusiwi kusema. Niliisikia shikamoo ikinipanda kifuani, ikafika kooni, nikaimeza. Na nilipoimeza, namba haikuwepo. Nilikuwa mia sita na ngapi?

Nilikaa kwenye kile kiti dakika sita zilizobaki bila kutoa saba hata moja.

Lazima mnielewe vizuri hapa, kwa sababu na ninyi mtaona vitu bila kuviona. Mimi nilikuwa najua kwamba Mama huingia. Kila siku alinyanyuka kando yangu, akaingia, akarudi, na mimi nikaendelea kutazama kioo. Haikuandikwa kwenye utaratibu wa kazi kwa sababu haikuwa ya mradi, ilikuwa yake. Hospitalini alipima watu wa kifafa, na alijifunza kwamba mgonjwa haachwi peke yake hadi dakika ya tano kabla hujamwona kwa macho. Alifanya hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini, bila saa. Nilipopima baadaye kwenye rekodi, hakupishana na dakika ya nne ila kwa pumzi chache. Hakuna mashine yetu iliyokuwa sahihi hivyo.

Nikachukua kauntabuku nikapekua. Washiriki wachache ambao hawakuwa na badiliko lolote, nikawapanga kwa umri. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa Moshono. Waliomfuata walikuwa wazee wenzake, watu ambao hawana shikamoo ya kumpa Mama Anaeli. Wao ndio wanaoidai. Walibaki watatu, vijana. Wote walipimwa Alhamisi moja. Pembeni ya tarehe, kwa mwandiko wangu mwenyewe: *Mama A. yuko msibani*.

Ugunduzi wetu ulikuwa ni adabu. Vijana wa Arusha waliolelewa vizuri, wamekatazwa kufungua mdomo, mtu mzima anaingia. Ubongo unaacha hesabu, unakwenda kusalimia, unarudi.

Ningependa kuandika kwamba nilikimbia kwa Dokta. Sikukimbia. Nilikaa na jambo hilo siku nne. Wiki mbili zilibaki Mama astaafu. Godi alishaagiza keki, na kitenge kilishanunuliwa. Mkutano wa Dokta ulikuwa wiki ileile. Niliwaza: nikisema, miaka yote ya kazi safi itaishia kwenye kosa moja, na atakayelitaja ni mimi niliyefundishwa naye kuosha kofia. Nikisema halafu nikawa nimekosea, nitakuwa Aneth wa chaja ya simu. Nisiposema, badiliko lile litaondoka na jina langu, na watu wa mbali watajenga kazi zao juu yake. Nilipima kila upande mpaka pande zikaisha.

Siku ya tano nilimkuta Mama kwenye sinki, anaosha kofia ambayo mimi nilikuwa nimeshaiosha.

"Mama, kuna jambo."

"Najua. Siku nne hujala mtori wangu. Ama unaumwa, ama unafikiri."

Nikamweleza yote, nikitazama mswaki. Nilipomaliza alizima bomba.

"Yule mwalimu alisema siwasalimii watu."

"Ndiyo, Mama."

"Nanyi mkacheka tikiti."

Sikujua kwamba alisikia. Nikataka ardhi ipasuke.

"Sasa umekaa nalo siku nne kwa nini?"

"Sikutaka kukuvunjia heshima. Unastaafu, Mama. Nilifikiri labda niandike tu kwamba kulikuwa na kelele kwenye chumba, nisitaje..."

"Aneth." Akajifuta mikono kwenye gauni. "Kwetu mlimani mtu anaweza kufungulia maji zamu isiyo yake. Labda amesahau siku, labda giza. Anajua afanye nini. Anakwenda mwenyewe kwa mwenye zamu kabla hajaitwa kwenye kikao cha mfereji. Ukienda mwenyewe, ni kosa. Ukingoja uitwe, ni wizi. Mimi nimefungulia maji zamu ya watu, mwaka mzima. Unataka niende na kitenge changu nimekaa kimya?"

"Basi twende wote, Mama."

"Hapana. Hesabu ni zako, wewe ndiye umeona. Mimi nikisema, Dokta ataniambia, 'Mama, pumzika.' Lakini jina langu uliandike. Usiandike kelele. Mimi si kelele."

Halafu akacheka, cheko la kweli, mpaka akashika sinki. "Kumbe wote wale walikuwa wananisalimia! Na mimi nilikuwa nasema vijana wa siku hizi!"

Nimefanya kazi na watu wenye vyeti vingi. Sijaona mwingine aliyepokea habari ya kosa lake kwa kuanza kuwafikiria waliomsalimia.

Nilirudi mezani, nikafungua kauntabuku ukurasa wa kwanza wa rekodi zinazohesabika. Mbele ya kila jina nikaandika kwa mkono: *Mama Anaeli aliingia, dakika ya nne*. Kwa fundi wa Sakina nikafuta neno *uchovu*, nikaandika sababu. Kwa wale watatu wa Alhamisi nikaandika *hakuingia*. Kazi hiyo ilichukua asubuhi nzima. Kisha nikaandika barua fupi ya kuondoa muhtasari wetu kwenye mkutano, mistari mitano, nikaichapa kabla sijaanza kuisoma mara ya nne.

Ofisi ya Dokta iko mwisho wa korido. Nilibisha hodi.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Ingia. Picha zimekamilika, njoo uone." Akageuza kioo. Dakika ya nne ilikuwa imepakwa rangi nyekundu, inapendeza.

"Dokta, naomba tuiondoe. Si ubongo unaotafuta njia ya pili. Ni watu wanamsalimia Mama Anaeli."

Nikaweka kauntabuku mbele yake, nikamfungulia Alhamisi ile, nikamfungulia wazee. Alisoma polepole. Aligeuza ukurasa, akaurudia. Nje mtu alikuwa anavuta ndoo kwenye sakafu. Alipoinua uso hakuwa na hasira. Alikuwa na ule uchovu wa mtu aliyeshakata tiketi.

"Mkutano ni wiki ijayo, Aneth."

"Najua, Dokta."

"Nikiondoa hii, sina cha kusema pale. Wala wewe huna jina popote." Akanitazama. "Una uhakika?"

Nilisikia lile neno langu likipanda, lilelile la kila siku, likafika kooni. Nikalimeza.

"Nina uhakika," nikasema, nikamwekea barua na kalamu.

Akasaini.